Kabla ya Kumlaumu Jirani, Tumsome Panya

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuandika juu ya mitihani ya muhula, lakini yaliyotokea kwenye bloku yetu moja yametufanya tubadilishe mpango. Mitihani itasubiri kidogo.

Wengi wenu mlisikia habari. Watoto wanne wa nyumba zinazopakana walianza kuharisha na kutapika usiku mmoja. Mmoja wao, mwanafunzi wetu wa darasa la pili, alipandwa na homa kali mpaka akalazwa siku tano. Wote wanne walikuwa wamekunywa uji kwa mama mmoja, ambaye huwaangalia watoto wa majirani wakati wazazi wameenda kutafuta vibarua. Hata kabla gari la wagonjwa halijarudi, maneno yalishaanza. Wa kwanza akasema mama yule ni mchafu. Wa pili akasema watu wa kabila lake ndivyo walivyo. Wa tatu, tena huyu ni mtu mzima mwenye heshima zake, akasema uji ulitiwa kitu. Ikafika mahali mama yule akawa anachota maji usiku, maana akifika bombani mchana watu wananyamaza.

Tulienda kumwona. Alituonyesha gunia la unga lililokuwa kwenye kona ya nyumba. Chini lilikuwa limetobolewa, na kando yake palikuwa na mavi ya panya yaliyozagaa kama punje za mchele mweusi. Akatuambia, "Walimu, mimi niliyaona. Lakini nikiumwaga huu unga, watoto wale nini?"

Siku hiyo hatukuwa na jibu. Mgao umepunguzwa mwaka 2023 na tena mwaka 2025, kila mtu anajua. Mtu hawezi kusimama tu na kumwambia mama amwage chakula. Ndipo tukaamua kuuliza, kusoma na kuwaletea tulichokipata. Tulichojifunza kimetusaidia kuhusu panya, na kimetusaidia pia kuhusu sisi wenyewe na midomo yetu.

Mgeni anayeitwa salmonela

Panya akipita juu ya chakula anaacha mkojo, mavi na nywele. Ndani ya mavi hayo kunaweza kuwa na vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Kimojawapo ni salmonela. Jina hilo limetokana na daktari wa mifugo wa Marekani, Daniel Salmon, ambaye msaidizi wake Theobald Smith alikipata kijidudu hiki mwaka 1885 alipokuwa akichunguza nguruwe wagonjwa. Leo zinajulikana aina zaidi ya 2,500. Nyingine huishi kwa kuku, nyingine kwa ng'ombe, nguruwe, mijusi au panya. Ile inayoleta homa ya matumbo, yaani taifodi, inaishi kwa binadamu peke yake. Hizo nyingine hupita huku na huku.

Mtu mzima mwenye afya akipata salmonela ya kawaida anaharisha siku chache, tumbo linamsokota, kisha anapona. Lakini kwa mtoto mchanga, mtoto mwenye utapiamlo, aliyetoka kuugua malaria, au mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajaanza dawa, kijidudu kinaweza kutoka tumboni na kuingia kwenye damu. Hapo hali inakuwa nyingine kabisa. Tutairudia baadaye, maana ndiyo sehemu ambayo mzazi hapaswi kuiruka.

Kosa moja, madaftari mawili

Sasa, mtu atajuaje kama kijidudu kilichomlaza mtoto kimetoka kwa panya, kwa kuku, kwenye maji, au kwenye mikono ya mtu? Kwa darubini huwezi kujua, zote zinaonekana sawa. Hapa ndipo wataalamu wanaposoma jenomu.

Tueleze kwa mfano wa darasani, maana ndiyo kazi yetu. Muhula uliopita tulisahihisha mtihani wa Sayansi. Wanafunzi wawili waliokaa dawati moja walitakiwa kuandika "usanisinuru". Wote wawili wakaandika "usanisunuri". Tena wote wawili wakaruka swali la saba, na wote wakachora mzizi juu na jani chini. Je, tulihitaji shahidi? Jibu sahihi linaweza kufanana kwa watu wengi, lakini kosa lilelile, mahali palepale, lina asili moja.

Vijidudu navyo vinanakili. Kila kijidudu kina maandishi ndani yake yanayoeleza jinsi ya kuishi, na maandishi hayo yote kwa pamoja ndiyo jenomu. Yameandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Jenomu ya salmonela ina herufi karibu milioni 4.8. Ukiandika herufi 1,000 kwenye kila ukurasa, utajaza madaftari 50 yenye kurasa 96. Kila kijidudu kinapogawanyika kuwa viwili, madaftari yote 50 yananakiliwa upya. Na kama mwanafunzi aliyechoka, mara mojamoja kinakosea herufi. Kosa hilo linabaki kwa watoto wake, wajukuu wake na vitukuu.

Kwa salmonela makosa haya ni machache, herufi moja au mbili hivi kwa mwaka. Kwa hiyo mtaalamu akichukua kijidudu kutoka kwa mtoto mgonjwa na kingine kutoka kwa panya, akasoma jenomu zote mbili na kukuta tofauti ya herufi tano tu, anajua hawa ni ndugu wa karibu, wametengana juzijuzi. Akikuta tofauti ya maelfu ya herufi, basi hata babu zao hawajuani, na panya yule hana hatia kwa ugonjwa ule.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Panya ananaswa kwa mtego. Kinyesi chake kinatiwa kwenye supu maalum ya maabara ili vijidudu viongezeke, kisha kinapakwa kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu na kuachwa kwenye joto la nyuzi 37 usiku mzima. Kwenye sahani ya aina moja salmonela huota kama vidoa vyekundu vyenye kiini cheusi katikati. Kidoa kinachukuliwa, vinasaba vinatolewa na kuingizwa kwenye mashine inayosoma herufi vipandevipande, kisha kompyuta inaviunganisha kama mtu anayepanga karatasi iliyochanika.

Zamani kazi hii ilikuwa ya miaka na mamilioni ya dola. Jenomu ya kwanza ya bakteria kusomwa yote ilitoka mwaka 1995, na ya salmonela mwaka 2001. Siku hizi ipo mashine inayoenea kwenye kiganja cha mkono na kuchomekwa kwenye kompyuta. Mashine ya namna hiyo ilitumika Guinea mwaka 2015 kusoma virusi vya Ebola huko huko kwenye wagonjwa, bila kusubiri sampuli zisafirishwe Ulaya.

JE, WAJUA?
Kuna wakati watu walitumia salmonela kama sumu ya panya! Mwanasayansi Jean Danysz wa Taasisi ya Pasteur, Paris, alitengeneza dawa hiyo kutokana na kijidudu alichokipata kwa panya wa shambani. Iliuzwa nchi nyingi mwanzoni mwa karne ya 20. Matokeo yake? Panya waliopona walibaki na kijidudu na kuendelea kukimwaga kila mahali, na watu nao wakaugua. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa afya duniani walishauri isitumike tena.

Mpaka wa Busia na Tororo unatufundisha nini

Familia nyingi hapa kambini zinaijua njia ya Busia na ya Malaba. Malaba ni mji mmoja uliokatwa na mpaka: upande wa Kenya uko kaunti ya Busia, upande wa Uganda uko wilaya ya Tororo. Wawili kati yetu walipita hapo mapema mwaka 2008 wakiwa watoto wadogo, wamebebwa mgongoni, wakati Wakenya maelfu walipokimbia fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Walilala Mulanda, Tororo, kwenye mahema. Baadaye mwaka huohuo wengi wa waliobaki walihamishiwa Kiryandongo. Mmoja wao anakumbuka jambo moja tu la Mulanda: mama yake akipiga gunia la posho kwa fimbo kila usiku ili panya watoke.

Kwenye mpaka ule mahindi, maharage na dagaa havilali. Malori yanasimama foleni, mizigo inashushwa na kupandishwa, maghala yamejaa. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa siku chache kwa sababu ya sumu ya kuvu, malori yalijipanga Busia na Malaba yakiwa na shehena nzima. Mtu anaonyesha pasi, lori linaonyesha karatasi, lakini panya hana forodha. Anapanda lori Mbale anashuka Bungoma, na kilicho tumboni mwake kinashuka naye.

Ndiyo maana sehemu hii imekuwa darasa kwa wataalamu. Kati ya mwaka 2010 na 2012, kundi la watafiti chini ya Eric Fèvre, pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) na Taasisi ya Utafiti wa Tiba Kenya (KEMRI), waliweka maabara Busia wakatembelea miji 416 ya wakulima magharibi mwa Kenya. Walipima watu 2,113, na katika miji hiyohiyo wakapima ng'ombe na nguruwe. Wazo lao lilikuwa rahisi lakini zuri: usimpime mtu peke yake ukamwacha mnyama anayelala mlango wa pili. Ugonjwa haujui kwamba hospitali ya watu na ofisi ya mifugo ni wizara mbili.

Upande wa Uganda wazee wanakumbuka malale. Ugonjwa ule ulikuwa wa kusini mashariki, mpaka Desemba 1998 ulipoanza kuonekana Soroti, ambako haukuwa umezoeleka. Watu walishangaa umetoka wapi. Watafiti wakafuata nyayo za mnada wa ng'ombe, wakakuta ng'ombe wengi waliouzwa hapo walitoka sehemu zenye malale. Mwaka 2001 Sue Welburn na wenzake wakatumia kipande kimoja cha vinasaba, kinachotofautisha vijidudu vya malale vinavyoweza kumdhuru binadamu na vile visivyoweza. Kule Soroti ng'ombe 18 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na vile vya hatari. Kumbe ugonjwa ulitembea kwa miguu minne, huku watu wakitazamana usoni.

Na wengi mnakumbuka mwaka 2020, madereva wa malori walivyopangwa foleni ndefu Malaba na Busia kupimwa korona. Sampuli zilipelekwa Entebbe, na huko Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda ikasoma jenomu za virusi kuona vimetoka njia gani. Ni kazi ileile ya kutafuta kosa lililonakiliwa.

Nairobi na Kisangani: panya yuko upande gani?

Sasa turudi kwenye salmonela na panya. Hapa ushahidi una pande mbili, na tutawapa zote.

Upande wa kwanza unatoka Nairobi. Mwaka 2006 Samuel Kariuki na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto waliougua salmonela ya damu. Walikwenda mpaka majumbani kwa watoto hao wakapima wanyama na mazingira. Wakati ule hawakuwa wakisoma jenomu nzima. Walilinganisha vipande vya vinasaba. Vijidudu vya wanyama havikufanana na vya watoto. Lakini kwa baadhi ya watu waliokaa nyumba moja na mtoto mgonjwa, watu wazima wa afya kabisa, walikuta vijidudu vinavyofanana na vya mtoto. Yaani mtu anaweza kukibeba asijue, akapika bila kunawa, na mtoto akaugua.

Upande wa pili unatoka Congo. Mwaka 2022 Dadi Falay na wenzake walitoa matokeo kutoka Kisangani, mji ambao baadhi ya wasomaji wetu wamezaliwa. Walinasa panya wa mjini, wakatafuta salmonela, wakasoma jenomu zake. Ndani ya panya wakakuta aina inayoitwa ST313, ileile inayoingia kwenye damu za watoto wa Afrika. Aina hii ilijulikana vizuri mwaka 2009, jenomu yake iliposomwa kutoka kwa mtoto wa Malawi. Watafiti wengine mwaka 2012 walihesabu makosa ya kunakili wakaona kwamba imesambaa Afrika ndani ya miaka kama 50 tu, ikijifunza kupinga dawa moja baada ya nyingine.

Basi, je, panya wa Kisangani ndio waliowapa watoto, au walikipata kwenye vyoo na taka za watu? Turudi darasani. Madaftari mawili yakiwa na kosa moja, mwalimu anajua kuna kunakili. Lakini nani alimnakili nani? Kwa kutazama madaftari mawili tu hawezi kusema. Anahitaji madaftari ya darasa zima. Ndiyo maana watafiti wanakusanya mamia ya jenomu kutoka kwa watu, mifugo, panya na maji. Mfano mzuri ni mradi wa Nairobi uliotembelea nyumba 99 za wafugaji na wasiofuga, ukasoma jenomu 1,338 za kijidudu cha E.koli. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba wanaokaa boma moja, watu na mifugo, hufanana vijidudu kuliko wanaokaa mbali. Ukishiriki ua, unashiriki pia vijidudu.

Kwa hiyo sisi tunasema hivi: panya ni hatari, na mikono yetu ni hatari. Anayeziba tundu la panya halafu anakanda unga bila kunawa baada ya choo, amefunga mlango mmoja akaacha mwingine wazi.

Homa isiyo na kuharisha

Hii ndiyo sehemu tuliyosema mzazi asiiruke. Salmonela ikiingia kwenye damu, mtoto anaweza kuwa na homa tu, bila kuharisha kabisa. Mama anasema malaria. Jirani anasema malaria. Na mara nyingi ni malaria kweli, maana tunakoishi na tulikotoka malaria haina likizo. Lakini malaria yenyewe inamdhoofisha mtoto na kuifungulia salmonela njia. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili.

Kwa hiyo, mtoto akipimwa malaria na hana, lakini homa ipo, usirudi nyumbani ukakaa. Akiwa amemeza dawa ya malaria na siku ya tatu bado anachemka, mrudishe kituo cha afya. Waeleze alikula nini, nani mwingine anaumwa, na kama mna panya ndani. Msione aibu. Mtoto anayeharisha damu, asiyeweza kunywa, aliyezama macho, anayetapika kila kitu, aliyelegea au anayedegedeka, apelekwe saa hiyohiyo, mchana au usiku.

Kwa kuharisha kwa kawaida, dawa ya kwanza ni maji ya chumvi na sukari. Changanya pakiti ya ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Kama huna, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Mama aendelee kunyonyesha. Vidonge vya zinki vimalizwe siku 10 hadi 14 hata kama mtoto ameshapona.

Na tafadhali, tuache kununua kapsuli mbili mbili dukani. Tumesema ST313 imejifunza kupinga dawa. Kila mara mtu anapomeza nusu dozi, vijidudu dhaifu vinakufa na vile sugu vinabaki na kuzaana. Siku mtoto wako atakapohitaji dawa ileile kwa kweli, haitafanya kazi.

Na unga je?

Tulimuuliza muuguzi mmoja swali la yule mama: nikimwaga, watoto wale nini? Hakutucheka. Tulikaa naye tukapanga majibu ambayo mtu maskini anaweza kuyafuata.

Chakula kilichopikwa na kuguswa na panya kisiliwe. Uji, ugali au mboga panya alipopita, mwaga. Hasara ya sufuria moja ni ndogo kuliko kulazwa siku tano.

Unga ulioguswa: ondoa sehemu yote iliyozunguka tundu, mavi na palipolowa mkojo, uitupe. Uliobaki, kama hakuna dalili yoyote, uhamishie kwenye chombo kingine, na uupike mpaka uive kabisa. Salmonela haivumilii kuchemka. Usiutumie kwa chakula kisichoiva vizuri, na usimpe mtoto mdogo kama unao mwingine.

Nafaka nzima, mahindi au maharage: chambua, tupa punje zilizotafunwa, osha kwa maji safi na chemsha vizuri. Lakini jueni kwamba kuchemsha hakuondoi sumu ya kuvu. Mahindi yenye ukungu yasiliwe.

Uji wa jana: kijidudu kimoja kikiingia kwenye uji wa vuguvugu, kwa joto zuri kinagawanyika kila nusu saa au pungufu. Ukiacha sufuria wazi usiku, asubuhi ni mamilioni. Pikeni kinachotosha. Kama kuna kilichobaki, kifunike, na asubuhi kichemshwe mpaka kitoe mapovu, si kupashwa tu.

Gunia lisikae chini. Tengeneza kichanja cha miti au matofali, kimo cha sentimita 30 kutoka sakafuni, na kisiguse ukuta. Madebe ya bati yenye vifuniko ni bora kuliko ndoo ya plastiki, maana plastiki panya anaitafuna.

Tundu la upana wa kidole linamtosha panya mdogo. Zibeni kwa udongo uliochanganywa na vipande vya bati au chupa zilizopondwa, mkilinda mikono. Fyekeni nyasi karibu na nyumba na chimbeni shimo la taka mbali na jiko. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu, kwa hiyo mkiziba nyumba moja na kuacha kumi, mmehamisha panya, hamjamaliza.

Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, mfukie, kisha nawa kwa sabuni. Mavi makavu yasifagiliwe yakapeperuka; yamwagiwe kwanza maji yenye jiki, kisha yafutwe. Na zile sumu zinazouzwa kwenye vikaratasi bila jina, msiziingize ndani ya nyumba yenye watoto. Mtego ni salama zaidi.

Mikono inawe kwa sabuni kila unapotoka choo, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika au kulisha. Sabuni ikikosekana, majivu yanasaidia.

Tulivyomalizia kwenye ile bloku

Mtoto wetu wa darasa la pili amerudi shuleni. Amekonda lakini anacheka. Wale wengine watatu walipona nyumbani. Kule kituo cha afya hakukuwa na maabara ya kuotesha kijidudu, sembuse kusoma jenomu. Kwa hiyo hatujui kama ni panya, au maji, au mikono, au kitu kingine. Hatuna daftari hata moja la kulinganisha. Na kama hatuna, kwa haki gani mtu alimhukumu mama yule bombani?

Tuliwaambia hivyo kwenye mkutano wa bloku. Tukasema wenye maabara, wenye mashine na shahada, wakikuta kijidudu kilekile kwa panya na kwa mtoto, bado wanasema subiri, tutafute zaidi. Sisi tusio na hata darubini tulimaliza kesi kwa nusu saa, tukaamua na kabila la mkosaji. Wazee walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Hapa kwetu furaha ilikuwa ya panya. Wakati sisi tunanuniana, yeye alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba bila kuulizwa, maana tulipokagua, nyumba saba kati ya kumi na mbili za mstari ule zilikuwa na mavi ya panya karibu na chakula. Pamoja na nyumba ya yule mtu mzima mwenye heshima zake.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaenda kwake akarudi na debe la mafuta lenye kifuniko, akampa mama yule mbele ya watu. Hakusema samahani kwa mdomo, na mama hakudai. Alilipokea kwa mikono miwili akamwambia, "Ahsante, mzee wangu." Kesho yake asubuhi tulimwona bombani, mchana kweupe, amepanga ndoo yake kwenye foleni.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutasafisha stoo ya uji ya shule na kutengeneza vichanja. Tunaomba kila nyumba ilete kimoja kati ya hivi: kipande cha bati, matofali mawili, au mikono miwili. Wanafunzi wa darasa la sita watapita na daftari kuhesabu nyumba zenye dalili za panya, bloku kwa bloku, bila kuandika jina la mtu. Tutawaletea hesabu yake kwenye toleo lijalo, pamoja na ile makala ya mitihani tuliyowaahidi.

Mpaka hapo, funikeni sufuria, nawisheni watoto, na mkisikia habari ya jirani, ulizeni kwanza imetoka wapi.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.